Simu, kamera au lenzi ya makro? Kuchagua chombo cha kupigia picha samaki wa tangini

Tazama picha ya kangaja iliyopigwa sebuleni jioni, taa ya dari ikiwaka na feni ikizunguka. Katikati ya kioo pana doa jeupe la flashi. Pembeni feni inaonekana wazi kuliko samaki, na chini yake ipo fulana nyeupe ya aliyeshika simu. Samaki mwenyewe amebaki mchirizi usio na jicho. Aliyepiga akiona hivyo huanza kuulizia bei za kamera. Lakini doa lile limetokana na flashi kuelekezwa kwenye kioo, feni na fulana ni mwakisi wa taa ya chumbani, na mchirizi ni samaki aliyekuwa mwendoni kwenye mwanga haba. Kamera ghali ikishikwa palepale, kwa namna ileile, itarudisha makosa hayohayo matatu.

Ndiyo maana hapa tunalinganisha taa kwanza, ndipo tufike kwenye simu, kamera yenye lenzi ya 18-55 inayouzwa nayo (namba hizo ni urefu wa lenzi kwa milimita, kutoka pana hadi ya kuvuta), na kamera yenye lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu. Kwa mwenye bajeti ya kitu kimoja tu, shilingi ya kwanza iende kwenye mwanga unaomwagika kutoka juu ya tangi.

Taa: hapa ndipo picha inapopatikana au kupotea

Mwanga wa dirisha hauna gharama, na wengi huanza nao. Ubaya wake ni kwamba dirisha lililo mkabala na tangi hujichora lote kwenye kioo, nuru yake hubadilika kila wingu linapopita, na tangi linalopigwa na jua la Mombasa hupanda joto na kuota ukijani upesi. Uache. Piga usiku, baada ya Isha, madirisha yakiwa meusi na taa za chumba zimezimwa. Hilo peke yake huondoa sehemu kubwa ya mwakisi bila kununua chochote.

Taa ya tangi peke yake inayatosha macho yetu, haiitoshi kamera. Kwenye tangi la sm 60 lenye taa ya kawaida, ukiweka ISO 800 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na tundu la lenzi la f/5.6 (namba ya f ikikua, tundu limebanwa), mara nyingi shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, haiwezi kupita kasi ya 1/60 ya sekunde bila picha kuwa giza. Samaki aliyetulia, kama bunju aliyesimama akikutazama au samaki wa anemoni aliyejilaza ndani ya anemoni yake, atatoka vizuri. Gapi, yule samaki mdogo asiyetulia, hatatoka, kwa sababu katika muda huo mkia wake umeshahama.

Taa ya LED ya ziada ndiyo chaguo la mwenye simu. Zile taa bapa za nje zinazofungwa kwenye kuta za maduka, za wati 20 au 30 na mwanga mweupe wa 6500K, zinatosha tangi la sm 60. Ilaze juu ikitazama chini, karibu zaidi na kioo cha mbele kuliko cha nyuma, ili ubavu unaokutazama upate nuru. Ikikaa nyuma utapata samaki mwenye mgongo unaong'aa na tumbo jeusi. Mchanga mweupe chini ya tangi husaidia kurudisha nuru tumboni. Changarawe nyeusi huimeza. Funga taa kwenye ubao imara, isishikiliwe kwa mkono wala kuegemezwa, na waya wake uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuingia, ili maji yakitiririka kwenye waya yadondoke sakafuni.

Jambo linalowaponyoka wanunuzi wengi ni kumetameta. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa ya LED yenye vifaa duni ndani yake humetameta mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, ila picha hutoka na mikanda ya giza iliyopita kati ya samaki. Ijaribu dukani kabla ya kulipa: fungua kamera ya simu kwenye hali ya kitaalamu, weka shata 1/1000, kisha elekeza kwenye ukuta ulioangazwa na taa hiyo. Ukiona mikanda ikipanda au kushuka, omba nyingine. Kama tayari unayo na imekwisha fungwa, baki kwenye 1/100 au 1/50 na upige samaki waliotulia tu. Taa za tangi zenye kitufe cha kupunguza nuru nazo hufanya hivyo zikipunguzwa, kwa hiyo ziwashe kwa nguvu yote wakati wa kupiga.

Flashi iliyotenganishwa na kamera ndiyo bora kupita zote, na hatusiti kusema hivyo. Inalazwa juu ya tangi, sm 10 hadi 20 kutoka kifuniko, ikitazama chini kupitia plastiki nyeupe isiyopenya macho, na kuwashwa kwa kifaa kidogo kisicho na waya kilichokaa juu ya kamera. Ikipunguzwa hadi robo ya nguvu au chini ya hapo, mmweko wake hudumu chini ya 1/1000 ya sekunde, na mmweko huo ndio unaomgandisha samaki, si shata. Nuru yake ni kali kiasi cha kukuruhusu kubana tundu hadi f/11 na kushusha ISO hadi 200. Matokeo yake ni magamba yanayohesabika, na maji meusi safi nyuma yake.

Inayo masharti. Shata isizidi kasi ambayo kamera yako inaafikiana na flashi, kwa kawaida kati ya 1/160 na 1/250. Ukipita hapo sehemu ya picha itafunikwa na ukanda mweusi. Usipige kwenye tangi lenye giza totoro, maana samaki hana kope za kufumba na mmweko wa ghafla gizani humfanya aruke na kugonga kioo. Iache taa ya tangi ikiwaka. Futa kifuniko cha kioo kabla ya kuanza, kwa kuwa matone na chumvi iliyoganda huiba nuru na kutupa vivuli vya madoa mgongoni mwa samaki. Flashi iliyo ndani ya simu au kamera, ile inayotazama kioo uso kwa uso, izime kabisa. Haina matumizi hapa: hurudi kama doa jeupe na kuangaza kila chembe inayoelea.

Wenye matangi ya maji ya bahari wana tatizo lao la pekee. Taa za matumbawe zenye buluu kali, za karibu nanomita 450, huijaza kamera rangi ya buluu tupu, na nyekundu haimo kabisa kwenye picha. Rangi ambayo haikuingia haiwezi kurudishwa na programu yoyote ya kurekebisha. Kitatange wa manjano anageuka kijivu, kwenye simu na kwenye kamera sawia. Geuza taa iwe nyeupe kwa dakika kumi za kupiga, kisha irudishe. Kama taa haina nyeupe, flashi ya juu ndiyo dawa, kwa sababu huifunika buluu yote kwa nuru yake.

Kioo, kabla ya kugusa kamera

Lenzi itazame kioo mraba, bila kuinama juu, chini wala upande. Ukiinamisha, mwanga unapinda kwenye maji na kioo kwa viwango tofauti kwa kila rangi, na kingo za samaki hutoka na mstari wa buluu upande mmoja na mwekundu upande wa pili. Hakuna lenzi inayoponya hilo. Ndiyo maana mtungi wa mviringo haufai kupigia picha, uwe na chombo chochote mkononi.

Kwa mwakisi uliobaki, tumia kitambaa cheusi cha buibui. Nunua mita mbili pale Mtaa wa Biashara, Mombasa, chagua kile kisichong'aa, kata tundu la upana wa lenzi katikati, na ukitundike kati yako na tangi. Vaa nguo nyeusi pia. Kipande hiki cha kitambaa kinashinda vichujio vya lenzi vinavyouzwa ghali, kwa kuwa kinakinga mwakisi mzima wa chumba, pamoja na wako mwenyewe.

Badilisha robo ya maji siku moja kabla, si siku yenyewe, kwani maji mapya huacha viputo vidogo vilivyong'ang'ania kioo kwa saa kadhaa. Futa nje kwa kitambaa cha pamba chenye unyevu, bila dawa ya vioo yenye amonia karibu na maji. Ndani tumia kadi ya zamani ya benki au sumaku ya kusafishia, ukihakikisha hakuna chembe ya mchanga iliyonaswa, maana huchora mkwaruzo ambao hautatoka. Zima filta dakika kumi kabla ili chembe zitue, na usiiache imezimwa zaidi ya nusu saa. Maji yetu hukaa nyuzi 27 au 28, na maji ya joto hubeba oksijeni kidogo.

Simu

Simu ina nguvu moja ambayo wenye kamera huisahau: unaweza kuilaza bapa juu ya kioo chenyewe, na mwakisi ukaisha hapohapo. Kwa kuwa kihisi chake, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, ni kidogo, sehemu kubwa ya samaki huwa ndani ya fokasi hata akiwa karibu, mdomo hadi mkia.

Udhaifu wake ni mwanga. Ikiachiwa ijiamulie, hushuka hadi 1/30 na kukupa ule mchirizi wa kangaja. Ingia kwenye hali ya kitaalamu, weka shata 1/125 au 1/200, na ISO isizidi 800, kwani zaidi ya hapo chengachenga hufuta magamba. Zima hali ya usiku na ile ya kuchanganya picha kadhaa kuwa moja. Zote mbili hupiga mfululizo na kuuunganisha, na samaki aliyesogea katikati hutoka na mapezi mawili mawili. Tumia lenzi kuu, ile ya 1x. Lenzi ndogo ya makro iliyoongezwa kwenye simu nyingi za bei ya kati mara nyingi huwa na megapikseli 2 tu, na lenzi pana hupinda umbo la samaki.

Lenzi kuu ya simu nyingi haishiki fokasi chini ya sm 10 hivi. Ukiilaza kwenye kioo, samaki anayepita sm 4 mbele yako atakuwa ukungu. Njia rahisi ni kubonyeza na kushikilia kwenye jani au jiwe lililo sm 10 au zaidi kutoka lenzi mpaka fokasi ijifunge, kisha kumngoja samaki apite hapo. Piga mfululizo wa picha kumi au kumi na tano, bakiza moja. Samaki mweupe au wa fedha huungua, yaani hutoka mweupe mtupu bila magamba. Shusha nuru kidogo kwenye kipimo cha EV, kati ya -0.7 na -1.

Video ya 4K inasaidia kwa samaki asiyetulia, kwani kila fremu yake ina takriban megapikseli 8 na unaweza kuchomoa iliyo safi. Lakini shata ya video nayo iwe 1/100 au zaidi, la sivyo utakuwa na mamia ya fremu zenye ukungu.

Picha ya A4 yenye ubora wa chapa inahitaji takriban megapikseli 8.7, na simu nyingi huzidi hapo. Kwa picha za kuuzia samaki WhatsApp simu inatosha kabisa, ila itume kama faili, si kama picha, kwa sababu ikitumwa kama picha hubanwa na magamba hupotea.

Kamera na lenzi ya 18-55

Hapa ndipo wengi hununua na kuvunjika moyo, na sababu yake inapimika. Lenzi hii ikisogezwa karibu inavyoweza, karibu sm 25 kutoka kihisi, na kuvutwa hadi 55, samaki wa sm 6 au 7 ndiye anayejaza fremu ya kamera ya kihisi cha APS-C, ukubwa wa kihisi ulio kwenye kamera nyingi zinazouzwa na lenzi hii. Samaki wa dhahabu, oskari, kangaja, siklidi mkubwa: wote hao watakaa vizuri, na utapata ubora wa kihisi kikubwa, chengachenga kidogo kwenye ISO 1600, na faili la RAW, yaani picha ghafi, la kurekebishia rangi. Gapi wa sm 3 atachukua chini ya nusu ya upana wa fremu, na ukiikata picha ili abaki yeye tu, unarudi kwenye ubora wa simu.

Tundu lake kwenye 55 ni f/5.6, kwa hiyo bila flashi utabaki kwenye ISO 1600 na shata 1/125, na LED ya ziada ni lazima. Ukiwa na flashi ya juu, lenzi hiihii hubadilika: f/8, ISO 200, na ukali ambao hukuutarajia. Ndiyo maana tunasema mwenye kamera ya 18-55 anunue flashi kabla ya lenzi nyingine.

Pete za kurefusha lenzi ni njia ya bei nafuu ya kumfikia gapi. Huingia kati ya kamera na lenzi na kukusogeza karibu. Nunua zenye viunganishi vya umeme, ili tundu na fokasi viendelee kutawaliwa na kamera. Hula mwanga, na fokasi ya mbali hupotea mpaka uzitoe.

Kamera na lenzi ya makro

Makro ya 1:1, inayomchora samaki kwenye kihisi kwa ukubwa wake halisi, humjaza gapi fremu nzima kwa raha, na kwa samaki mkubwa hukupa jicho peke yake, na duara la dhahabu kuzunguka mboni. Hakuna kifaa kingine katika vitatu hivi kinachofika hapo.

Kati ya lenzi za urefu wa milimita 60 na 100, kwa matangi mengi ya nyumbani, yenye kina cha sm 30 hadi 45 kutoka mbele hadi nyuma, inafaa ya 60. Unasimama karibu, kikingio cha mpira kinachozunguka mdomo wa lenzi kinagusa kioo, na kuna maji machache kati yako na samaki. Kila sentimita ya maji hupunguza ukali, hata yakiwa safi. Ya 100 inafaa samaki mwenye woga anayejificha mtu akikaribia, au tangi kubwa la dukani ambalo samaki hukaa nyuma.

Gharama yake halisi ni fokasi. Kwenye 1:1 na f/5.6, eneo lililo wazi halifiki milimita moja: jicho wazi, pua ukungu. Bana hadi f/11. Usipite f/16, kwa kuwa mwanga hutawanyika kwenye tundu dogo na picha nzima hulainika. Kwa f/11 taa ya LED haitoshi tena. Bila flashi, makro ni fedha iliyolala.

Samaki anayezunguka tangi zima hawezi kushikwa na makro. Mwambie fundi wa vioo akukatie kipande cha kioo cha unene wa milimita 4, kingo zake zipigwe msasa, kishushwe ndani ya tangi sm 8 hadi 10 nyuma ya kioo cha mbele. Samaki anabaki kwenye maji yake, kati ya vioo viwili, ila hawezi kukimbilia mbali na eneo lako la fokasi. Hiyo ni bora kuliko kumhamishia kwenye tangi dogo, na ukimaliza unakitoa.

Kwa kuanzia, weka hivi, kisha urekebishe:

| | Simu na LED | 18-55 na LED | Makro na flashi ya juu |
|---|---|---|---|
| Shata | 1/125 | 1/125 | 1/160 |
| Tundu | halibadiliki | f/5.6 | f/11 |
| ISO | 400–800 | 1600 | 200 |
| Flashi | zima | zima | 1/8 ya nguvu |
| Samaki mdogo anayefaa | sm 4 | sm 6 | sm 2 |

Unyevu wa pwani

Hili halimo kwenye maelekezo ya kiwandani, nalo linabadilisha uchaguzi kwa wakaaji wa kisiwani Mombasa, Nyali au Likoni. Kamera ikitolewa chumba chenye eisi na kupelekwa sebuleni, lenzi hushika ukungu papo hapo. Iache ndani ya mkoba uliofungwa, hapohapo sebuleni, nusu saa kabla ya kupiga. Lenzi isiyotumika ikikaa kabatini bila kukaushiwa huota kuvu ndani, nyuzi kama za buibui, na kuitoa ni kazi ya fundi. Boksi la plastiki lisilopitisha hewa na vifuko vya silika vinavyobadilishwa vikijaa unyevu vinatosha. Kama huna nia ya kulitunza boksi hilo, usinunue makro. Baki na simu, ambayo imefungwa na haina pa kuingia kuvu kirahisi.

Nani achukue nini

Muuzaji anayepiga samaki ishirini kwa asubuhi achukue simu na LED, maana kasi ya kutuma ndiyo biashara yake. Anayetaka kuonyesha ugonjwa ili ashauriwe, kama madoadoa meupe yasiyozidi milimita moja, naye simu inamtosha, mradi samaki awe sm 10 kutoka lenzi na ubavu ukitazama mbele. Doa linahitaji ukali, si uzuri. Mwenye siklidi au kangaja anayetaka picha ya ukutani ya A3, ambayo kwa chapa nzuri inadai takriban megapikseli 17, achukue kamera ya megapikseli 24, lenzi yake ya 18-55 na flashi moja ya juu. Mfugaji wa gapi na tetra anayeuza rangi za mapezi ndiye pekee tunayemwambia moja kwa moja: makro ya 60, na flashi siku hiyohiyo.

Vyovyote utakavyochagua, kabla ya kufunga kazi kuza picha kwenye skrini na utazame jicho. Likiwa wazi na mkia ukungu, bana tundu zaidi. Kila kitu kikiwa na mchirizi upande mmoja, ongeza shata au shusha nguvu ya flashi. Magamba ya ubavu yakiwa wazi na jicho ukungu, fokasi imekosa. Funga upya kwenye jani lililo usawa wa jicho. Rekebisha, piga mfululizo mwingine, kisha washa filta.